Skrubu ya Mwisho ya Rulote

Nianze na upumbavu wangu, maana hapa mtaani kwetu Ruashi, Lubumbashi, unajulikana kuliko kazi zangu zote, na nikiuficha jirani atausema mwenyewe, tena kwa sauti. Siku moja nilifunga televizyo na deki ya DVD ndani ya rulote, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Nilifunga vizuri kabisa. Dereva akaja kuichukua, nikampungia mkono, nikarudi kwenye kiti changu kunywa chai. Ndani ya deki ile nilikuwa nimesahau diski ya jirani. Haikuwa diski ya nyimbo. Ilikuwa na ujumbe wa mama yake mzazi, na mwisho wa ujumbe ule jirani alikuwa hajausikia.

Nyinyi vijana mnaobaki na turnevisi, yaani bisibisi, mkononi mliniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi. Nitaandika, lakini msitafute humu habari za kupanda cheo. Fundi wa kujitegemea hupanda ngazi ya mbao tu, na mimi hata hiyo nilianguka nayo.

Nilipomaliza sekondari nilitafuta kazi ya kukaa. Wenzangu walitamani reli, migodi, malori yanayovuka mpaka. Mimi tangu utoto nikifika mwisho wa mtaa nasikia kiti changu kinaniita. Nikaona fundi wa redio anakaa, tena kivulini, nikasema hiyo ndiyo yangu. Mungu naye anapenda mzaha: kazi niliyoifanya maisha yote ikawa kufunga televizyo ndani ya nyumba zinazotembea.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Ramazani, Mwislamu mtulivu wa familia za Maniema, mwenye chumba cha kutengenezea redio katika komine ya Kenya, mtaa wa hapa mjini, si nchi, karibu na soko. Siku ya kwanza hakunigusisha hata waya. Alinifunga macho kwa kitambaa, akaanza kunipitishia chini ya pua vitu vilivyoungua.

“Hii?”

“Mupira, Papa.”

“Na hii?”

“Vumbi ya mu televizyo.”

“Apana. Ni sombe ya bibi yangu. Alisahabu nyungu ku moto.”

Kumbe kisamvu cha mkewe! Tukacheka wote wawili, kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu. “Pua njo mashini ya kwanza ya fundi,” akasema. “Bengine banangoyaka moshi. Weye usingoye moshi.”

Rulote ya kwanza niliyoigusa ilikuwa ya padri mmoja mzee aliyezunguka vijijini. Tulimwekea televizyo na deki ya kaseti, nami kwa ujuaji wangu nikaunganisha waya kwenye bateri ya gari lake. Padri akaangalia mpira porini hadi filimbi ya mwisho, akalala na furaha, na asubuhi gari halikuwaka. Aliporudi hakutukemea. Alituambia tu kwamba wanakijiji walisukuma gari huku wakiimba, na kwamba wimbo wenyewe ulikuwa unatutaja. Tangu hapo, bateri mbili: moja ya gari, moja ya starehe, na zisijuane. Na fizibu, ile fyuzi ya kukata umeme, mnaiweka karibu na bateri, si karibu na televizyo. Waya ukichunika njiani, moto hauanzii mahali unapopenda wewe.

Kisha nchi ikaanza kuporomoka. Mliokuwa wadogo mnasikia tu. Askari waliingia mjini, na hawakuja kupigana na mtu, waliingia madukani. Tukajifungia ndani, na kwa mara ya kwanza watu wote wa Lubumbashi wakaishi kama mimi. Tulipotoka, chumba cha Papa Ramazani kilikuwa kitupu. Hata mlango walienda nao.

Mwenyewe alikuwa ameketi juu ya tofali padri alipofika kutueleza kwamba rulote yake nayo imevunjwa. Wamebeba mapazia, sufuria, godoro, hata msalaba wa shaba. Televizyo imebaki. Waliifunga kamba wakavuta, wakaipiga ubavuni kwa kitako cha bunduki, ikakaa palepale kama mama mkwe sebuleni. Papa Ramazani alicheka mpaka akashika ukuta.

“Mwansa,” akaniambia, “zile skrubu inne zenye kuonekana ni za kudanganya mwizi. Anazitosha zote inje, anavuta, haitoke, anachoka. Ile ya mwisho njo inashika kintu. Iweke fasi yenye macho haiendi. Na mwenye rulote peke yake njo umwambie mu masikio.”

Hiyo ndiyo skrubu ya mwisho. Miaka ile ya mashaka Papa Ramazani alifariki, kwa ugonjwa mdogo uliokosa dawa, nami nikarithi turnevisi yake ndefu ambayo mpini aliuviringa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ninayo hapa mezani ninapoandika. Haina kazi tena, kama mimi, na haionekani kusikitika.

Miaka ikapita, utawala ukabadilika, vita vikapita upande wetu, kaseti zikafa, zikaja DVD. Na shaba ikapanda bei. Watu kutoka nchi za mbali wakaja kutafuta madini upande wa Kinsevere na mbele zaidi porini, wakivuta rulote nyeupe kama mayai. Sijawahi kuwaelewa. Mtu anaacha nyumba yake nzuri, anaenda kulala ndani ya sanduku, halafu ananiomba niweke televizyo ili sanduku lifanane na nyumba. Nilikuwa najibu “Ndiyo, patron,” na kuchukua vipimo.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Televizyo ya rulote haiwekwi mahali inapopendeza; inawekwa mahali ambapo ikianguka haitamkuta mtu kichwani, na mbali na jiko, maana mvuke wa nyama unaingia ndani na hautoki. Deki ya DVD ni kama mgeni mwenye presha, haitaki kutikiswa. Chini yake wekeni vipande vya mpira laini wa tairi. Juu ibaneni kwa ukanda wa bati, na huo ukanda upite mbele ya kile kisinia kinachotoka na diski, kisije kikafunguka barabarani na kuvunjika. Ukanda unashikwa na skrubu ya mwisho. Rulote ikifika kambini, mwenyewe anailegeza, anaweka sinema zake. Na kabla ya kukabidhi, jaribuni kila kitu kwa bateri, injini ikiwa imezimwa, diski ikiwa ndani. Mkishamaliza, toeni diski. Haya maneno matatu ya mwisho niliyajua vizuri sana, kabla na baada.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, na haikuanguka peke yake. Kambi zilifungwa kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Hapa Ruashi nyumba nyingi zilibaki kuta bila mabati. Vituo vya redio navyo vilikuwa vinasema kwamba upande wa mashariki vita vimerudi. Rulote ya mwisho kuletwa kwangu, ya shefu, yaani mkuu, wa kambi moja, ilikuwa imeziba parseli yetu, uwanja wa nyumba, hata mke wangu Odette alikuwa anatoka getini kwa ubavu. Shefu mwenyewe alikuwa amekwisha kupanda ndege. Nilipewa ujumbe nimalize haraka, dereva anakuja kuivuta hadi Zambia, kupitia mpaka wa Mokambo.

Siku hiyohiyo, mchana, akaingia Mama Kavira, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye ni wa Kivu ya Kaskazini, anauza mchele na maharagwe kwa jumla, mwanamke anayepima watu kama anavyopima magunia. Alikuwa amebeba deki yake ya DVD kama mtoto mwenye homa.

“Papa Mwansa, courant ilienda, kisha ikarudia na hasira. Sikia hii harufu.”

Nikaweka pua. Harufu ya varnishi na sarafu: sehemu ya kuingizia umeme imeungua kwa ule umeme uliorudi.

“Kesho itawaka, mama.”

“Kesho yako iko na miguu mirefu. Mumo iko diski. Ni mama yangu.”

Akanieleza amesimama, hakutaka kiti. Kijiji cha mama yake kiko mbali na Butembo, simu hazishiki. Mpiga picha wa harusi alipita huko, akamrekodi yule mzee ameketi mbele ya mlango wake, na diski ikaja kwa mkono, ikishushwa lori hadi lori na wafanyabiashara wa kwao. Mama amesalimu wote, ameuliza wajukuu, ameteta na kuku wake mgonjwa. Kisha akainamia kamera akasema: “Sasa Kavira, sikiliza muzuri. Vita ikirudi…” Umeme ukakatika hapo.

“Vita inarudi,” Mama Kavira akasema. “Na miye sijue batakimbilia wapi. Iko mu ile diski.”

Nikafungua deki iliyoungua, nikatoa diski, nikaifuta kwa shati. Nikamwambia arudi jioni: rulote ina bateri yake, haiogopi umeme wa mji, ataangalia humo mpaka mwisho. Nilisema kwa moyo safi. Nikaweka diski ile kwenye deki ya rulote, na kwa kuwa ya kwangu ya kujaribia ilikuwa imechubuka, nikajaribu kwa hiyohiyo. Mzee akatokea, picha safi, sauti safi. Nikazima. Nikafunga skrubu ya mwisho. Odette akaniita bukari, ugali wetu, iko mezani, na kulikuwa na samaki. Jioni ikanyesha mvua kubwa, Mama Kavira alikwama sokoni, mimi nikakwama kwenye usingizi. Asubuhi Banza, dereva, akaja na gari, akavuta sanduku lake, na mimi nikasimama getini nikifurahia upana wa parseli yangu.

Kikombe cha chai kilikuwa bado kina moto Mama Kavira alipoingia.

“Iko wapi?”

Nilitaka kusema “nini”, lakini pua yangu ilikwisha kunusa. Odette alinitazama, akakiondoa kikombe mkononi mwangu.

Ndivyo mimi, nisiyependa kufika hata posta, nilivyosafiri kwenda Mokambo. Mama Kavira alinipata nafasi katika lori la watu wa kwao lililokuwa likienda kuchukua unga, na yeye mwenyewe akaketi kati yangu na dereva, labda nisimwombe ageuze. Kwanza ilibidi lori lingojee kipuri siku nzima na nyingine. Nilipanda na mto wangu wa kulalia, chupa ya chai na turnevisi ya Papa Ramazani. Odette aliita watoto wa jirani waje kuona. “Mutazame! Papa anahama!”

Njiani nilianza kumweleza Mama Kavira habari za bateri mbili, akaniambia, “Papa, nyamaza kidogo, tafazali.” Nilikuwa nimeshafanya hesabu yangu: rulote ikivuka mpaka, haitarudi. Na mtu akitafuta mama yake katikati ya vita bila kujua aelekee wapi, anatafuta kila mahali, maana yake hatafuti popote.

Mokambo tulikuta mstari wa malori mrefu, umeganda. Nikaona ile rulote nyeupe katikati yake, karibu na kizuizi, nikashuka kabla lori halijasimama vizuri, jambo ambalo magoti yangu yanalikumbuka hadi leo. Banza alikuwa ameketi kwenye kidato cha mlango wake na madereva wengine. Aliponiona hakunisalimu, alinishitaki.

“Papa, ile deki ulifunga na dawa gani? Tunataka kuweka mupira, diski haitoke! Tulitosha skrubu yote. Tulivuta na kisu. Iko vile tu. Tuko naangalia ule mama muzee tu, kila siku mama muzee!”

“Munamwangalia?” Mama Kavira akauliza nyuma yangu.

Dereva mmoja akageuka, akainama kama anaongea na kamera, na kwa sauti ya bibi kizee akasema: “Sasa Kavira, sikiliza muzuri!” Wenzake wakaangua kicheko. Mama Kavira hakucheka.

“Kavira ni miye,” akasema.

Yule dereva akavua kofia. Kisha wote wakaanza kuongea pamoja, wakamzunguka, mmoja akamletea kigoda, mwingine akamuuliza kama ule kuku mwekundu alipona. Nami nikaona ajabu: mstari mzima wa malori ulimjua mama yake.

“Sema basi,” akamwomba Banza. “Vita ikirudi, alisema nini?”

Banza akajikuna kichwa. “Mama, fasi ile anaacha Kiswahili. Anasema Kinande, luga ya kwenu. Siye tunacheka tu, hatusikie.”

“Fungua niangalie.”

“Bateri ilikufwa yana.”

Walikuwa wameimaliza jana yake, bila shaka. Nikaomba waya. Sasa sikilizeni hapa, vijana. Lori kubwa lina bateri mbili zilizofungwa pamoja, na nguvu zake zote kwa pamoja zingeiua deki ile kama umeme wa mji ulivyoua ya kwanza. Mnachukua kwa bateri moja tu, mnaangalia alama, mnagusa kwanza taa ndogo. Taa iwake kawaida, isiwake kwa kiburi. Nikagusa. Ikawaka kawaida. Nikanusa: mavi ya mbuzi, dizeli, hakuna kinachoungua. Nikaunganisha.

Mzee akatokea mbele ya mlango wake. Mama Kavira aliketi ukingoni mwa kitanda cha rulote, madereva wamejazana mlangoni, na mtu wa duane, yaani forodha, aliyekuwa amekuja kutufukuza, naye akainua shingo. Salamu zikapita, wajukuu wakapita, kuku akapita, na madereva walisogeza midomo pamoja naye kama watu kanisani. “Sasa Kavira, sikiliza muzuri. Vita ikirudi…” Halafu Kinande, polepole, kidole hewani. Sikuelewa hata neno. Nilikuwa namwangalia binti yake, na nikaona mabega yake yakishuka, kama gunia linapotuliwa.

“Kasindi,” akasema. “Ku kwa mama mudogo. Anasema nisitume mutu ku kijiji, bataondoka mapema. Na ule mama mudogo, mutoto wake iko na simu. Miye niko nayo ile namba!”

Akapiga simu palepale, ameziba sikio moja. Iliita. Akajibu mtu, kisha mtu mwingine, na sauti ya mzee ikatoka kubwa hata sisi tukaisikia, na ikawa ya ukali: “Nani amekufwa? Niko nachambua maharagi!” Madereva wakapiga makofi. Banza akapiga honi, na malori ya nyuma, bila kujua kwa nini, yakaitikia.

Ikabaki kutoa diski. Mtu wa duane akasema rulote ndiyo inayofuata, tufanye haraka. Nikachukua turnevisi, nikasimama mbele ya deki, na nikagundua kwamba sikumbuki skrubu ya mwisho niliificha wapi. Kila rulote nilikuwa naiweka mahali tofauti, na shefu wa kunong'onezwa hakuwepo, kwa hiyo sikuwa nimeisema kwa mdomo hata mara moja. Nilipapasa chini, nyuma, ndani ya kabati. Banza alikuwa anahesabu malori yaliyobaki. Macho yao yote yalikuwa mgongoni kwangu.

Nikajiuliza: Mwansa, unavyojijua, mtu mvivu kama wewe aliifunga akiwa amekaaje? Basi nikavua viatu, nikapanda kitandani, nikalala chali.

“Papa amechoka?” mtu akauliza.

Mkono wangu wa kulia ulipanda wenyewe juu ya kichwa, ukapita nyuma ya taa ya kusomea, pale ukanda ulipoishia, ukaikuta. Niliifunga nikiwa nimelala. Nilikuwa najaribu godoro. Nikaizungusha, ukanda ukalegea, kisinia kikatoka na diski kama mtoto anayetoa ulimi. Mama Kavira akaipokea kwa kanga. Nikamnong'oneza Banza siri, maana sasa yeye ndiye mwenye rulote kwa siku chache, na kizuizi kikainuliwa.

Nilirudi nyumbani, nikaketi. Tangu hapo nilifunga rulote nyingine, watu wa shaba waliporudi, na sijafika tena popote. Sasa nimepumzika kabisa. Asubuhi nasikia magari yakipita kwenda mgodini, nami sina la kufunga wala la kufungua, na moyo wangu umetulia kama redio iliyozimwa vizuri. Mkibaki na neno moja kwangu, libaki hili: wafichieni wezi skrubu, lakini msijifichie wenyewe. Na mtoe diski.

Jana nilimsomea Mama Kavira ukurasa huu juu ya ukuta wetu, nikidhani atafuta machozi. Mama yake yu hai bado, anapiga simu kila Jumapili kumkemea. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kisha akasema: “Yote hii unaandika ni sababu haukutengeneza deki yangu, Papa Mwansa, na mpaka leo iko ku kwako, haiyawaka.”